Kobe wa Mwalimu

Neno usukani halikuzaliwa barabarani. Mabaharia walilitumia kwa kile kifaa cha nyuma ya chombo, upande wa tezi, muda mrefu kabla ya dereva wa kwanza kushika gurudumu lake na kuliazimia jina hilo. Neno gari nalo lilitoka Bara Hindi, ilhali dereva, breki na gia yalikuja na Waingereza. Wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kufunzwa hayo. Yanatajwa hapa kwa kuwa palikuwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili katika milima ya Taita aliyezoea kuyatumia kufungulia kipindi chake cha kwanza kila mwaka, na aliyatumia kwa sababu nje ya dirisha la darasa, chini ya mkaratusi, palisimama Volkswagen yake. Wanafunzi waliiita Kobe kwa jinsi mgongo wake ulivyobinuka. Naye mwenyewe, baada ya kuwakanya kwa wiki mbili hivi, akaanza kuiita Kobe vilevile.

Aliinunua Machi 1987, akiwa na umri wa miaka 31. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza miaka miwili nyuma, na Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu wa somo hilo, ambao hapo awali walihesabiwa kuwa watu wa kujazia ratiba, ghafla walitafutwa kama lulu. Mwalimu alipewa madarasa mengi kuliko nguvu zake, lakini pia aliweza kwenda katika chama cha ushirika cha walimu na kuomba mkopo wa miaka mitatu bila ya kuinamisha kichwa. Gari lenyewe lilikuwa la mwaka 1969, lenye rangi ya maziwa iliyochujuka, na lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Aliyeliuza alikuwa afisa wa kilimo aliyepata uhamisho.

Mkopo huo ulikuwa na kazi nyingine. Jambo hili halina budi kuelezwa waziwazi, kwa maana bila hilo kumbukumbu za Kobe zingekuwa tamu mno kuaminika. Mamake Mwalimu, mjane, alikuwa akiishi katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa bati kuukuu. Kaka mkubwa, karani katika bandari ya Mombasa, alikuwa amekwisha kuleta mawe ya kujengea nyumba mpya, na ilikuwa imekubaliwa kwamba dada atakopa fedha za saruji na mbao. Dada akakopa, akanunua gari. Barua ya kaka ilifika baada ya Pasaka. Iliandikwa kwa wino mweusi, kurasa mbili, na ilikuwa na sentensi moja ambayo Mwalimu aliweza kuisema kwa moyo hata alipostaafu: "Mama hawezi kulala ndani ya gari."

Hata hivyo, kaka huyo alikuwa mfuasi mkubwa wa Safari Rally. Alikuwa ametoka kufuatilia redioni ushindi wa Hannu Mikkola aliyeendesha Audi 200 katika mashindano ya mwaka huo. Alijua kwamba Volkswagen za aina ya Kobe zilishinda mashindano hayo mwaka 1954, 1957 na 1962. Chini kabisa ya barua, baada ya kutia sahihi, hasira ilimshinda kuzuia udadisi, akauliza: injini yake ni ya ukubwa gani?

Ilikuwa ya 1300, na ilikaa nyuma. Hilo ndilo lililowashangaza wengi kwanza. Mwalimu alipofungua sehemu ya mbele, wazee waliosimama kando walitazamana wakiona gurudumu la akiba na tangi la petroli mahali walipotarajia moyo wa gari. Mshangao wa pili ulikuwa kwamba halikunywa maji. Injini ile ilipozwa kwa hewa iliyovutwa na feni, kwa hiyo haikuwa na rejeta. Wenye matatu waliosimama kila mara kwenye kijito cha chini ya Wundanyi wakichota maji kwa madebe walimwona Mwalimu akipita polepole, dirisha wazi, na hawakupendezwa. Mvua za masika zilipogeuza barabara ya kijijini kuwa uji, uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyosukuma gari, naye Kobe akapanda alipokwama bwana mwenye pikapu mpya. Mwalimu hakucheka. Alipiga honi tu, mara moja, kwa heshima.

Lilikuwa na vituko vyake. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yalirushwa kwa nguvu ya hewa iliyotoka katika gurudumu la akiba, kwa hiyo dereva aliyependa sana usafi angeweza kupata pancha na kukuta gurudumu lake la kubadilisha limelegea. Betri ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mtu aliyejaliwa mwili, aliwahi kupewa lifti na kukaa upande huo huo. Kifuniko cha betri kilikuwa kimepotea zamani. Waya za kiti zikabonyea, zikagusa vichwa vya betri, na mwenyekiti akaanza kunusa huku na huko akiuliza ni nani anayechoma manyoya ya kuku. Aliruka nje kabla gari halijasimama sawasawa. Tangu siku hiyo Mwalimu aliwapanga abiria wake kwa uzito, wembamba kulia na wanene kushoto, na hakuna aliyekasirika isipokuwa mwenyekiti.

Fundi aliyemhudumia alikuwa na gereji chini ya mwembe huko Voi. Mzee huyo hakuwa na subira na mwenye gari asiyejua gari. "Mwalimu," alimwambia siku ya kwanza, "mimi sitakuwa pale utakapoharibikiwa. Shika spana." Akamshikisha. Mwalimu alikuwa na daftari la jalada gumu alilolinunua kwa ajili ya hesabu za petroli na vipuri, lakini halikuchukua muda likajaa maneno: plagi, kabureta, klachi, silensa, puli, bisibisi, na mengine ambayo fundi aliyatamka kwa namna yake mwenyewe. Jioni aliyatafuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Mengine aliyapata, mengine hakuyapata, na kila alipokosa neno alifurahi kidogo, kama mtu aliyekuta shamba lisilolimwa. Laiti daftari lile lingefika mikononi mwa wanaleksikografia. Lakini walimu wengi wa shule wana madaftari ya namna hiyo, na hakuna anayewauliza.

Huko kijijini, mwanamke kuendesha gari lake mwenyewe halikuwa jambo la kupita bila ya kusemwa. Lilisemwa wiki chache, kisha likafunikwa na mahitaji. Kobe alibeba miche ya kahawa, magunia ya mahindi, mitihani iliyofungwa kwa lakiri, maharusi wawili ambao shela zao zilijaza gari hata dereva asione nyuma, na usiku mmoja mtoto aliyeumwa na nyoka, ambaye alipona. Hayo ni mambo ya kawaida kwa gari la kwanza la kijiji. Kila mwenye gari wa enzi hizo ana orodha kama hiyo.

Sababu hasa ya Mwalimu kununua gari ilikuwa mamake. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa kisukari na alitakiwa kufika kliniki Voi kila mwezi, siku ya Alhamisi. Kabla ya Kobe, aliamka saa tisa za usiku, akatelemka kwa miguu gizani hadi palipopatikana matatu, akabanwa kati ya mabega ya watu hadi Mwatate, akabadilisha gari, na kufika hospitali miguu imevimba. Mara mbili alianguka njiani. Mara ya tatu hakumwambia mtu, na bintiye aligundua kwa kuona leso iliyochanika. Ndipo alipoamua kwamba nyumba ya mawe ingengoja. Hakumshauri kaka. Huenda alijua jibu lake, na huenda jibu hilo lingekuwa na haki ndani yake, kwa sababu mama alikuwa akivujiwa, na mkopo mmoja hautumiki mara mbili.

Mwalimu mkuu alimruhusu kukosa Alhamisi moja kila mwezi kwa sharti la kulipa vipindi Jumamosi. Basi wakawa wanatelemka mlima asubuhi, wawili peke yao, mama amevaa koti lake la kanisani. Miezi ya kwanza ilikuwa kimya. Mama huyo hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa amelea watoto wanne kwa amri fupi, na bintiye hakumbuki kuwahi kukaa naye uso kwa uso wakazungumza jambo lisilo la mboga, ada au maradhi.

Kilicholegeza ulimi wake hakijulikani kwa hakika. Mwalimu mwenyewe, alipokuwa akisimulia miaka hii ya karibuni, alitaja mambo mawili. La kwanza ni kwamba ndani ya gari watu wawili hukaa sambamba, macho mbele, na anayesema halazimiki kumtazama anayeambiwa. La pili ni injini kuwa nyuma: kelele zilibaki mgongoni, na mbele palikuwa na utulivu wa kadiri, kinyume na matatu, ambamo redio humzuia mtu hata kuwaza. Liongezwe la tatu, ambalo yeye hakulitaja. Alhamisi moja ya Agosti 1988, katika uwanda ulio kati ya Mwatate na Voi, taa nyekundu iliwaka mbele ya dereva.

Fundi alikuwa amemwonya juu ya taa hiyo. Mkanda mmoja ndio uliozungusha dainamo na feni, kwa hiyo ulipokatika, chaji ilikoma na injini ikakosa hewa ya kuipoza papo hapo. Aliyeendelea kuendesha aliunguza kila kitu. Mwalimu alizima gari, akafungua nyuma, akaona mkanda unaning'inia kama mjusi aliyekufa. Alikuwa na mwingine mbele, kando ya jeki. Puli ya dainamo ilikuwa na vipande viwili vilivyobanwa kwa nati moja kubwa, ya spana namba 21. Ilibidi kuchomeka bisibisi katika pengo la puli ili isizunguke, kulegeza nati, kutoa kipande cha nje, kuvalisha mkanda mpya, kisha kupanga upya vile vyuma vyembamba vya mviringo ambavyo wingi wake ndio ulioamua mkanda ukaze au ulegee. Gerejini alikuwa ameifanya kazi hiyo mara mbili, fundi akimsimamia. Hapa palikuwa na jua, vumbi, injini ya moto na hofu ya ndovu, kwa maana nchi ile ni yao kuliko ya mtu yeyote.

Mama alishuka. Hakusema neno. Alifungua leso yake, akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa cha bintiye kumkinga na jua, akasimama hivyo hadi kazi ilipokwisha, muda wa nusu saa au zaidi, mwanamke aliyepita miaka 60 na mwenye miguu iliyovimba. Vyuma vilipangwa vibaya mara ya kwanza, vikatolewa, vikapangwa tena. Injini ilipowaka na taa nyekundu kuzimika, Mwalimu alikuwa mweusi kwa grisi hadi viwikoni. Walifika kliniki wakiwa wa mwisho kwenye foleni. Hapo mama, ambaye hakuwa amewahi kumsifu mtoto wake yeyote mbele za watu, alimgeukia mwanamke aliyeketi jirani na kumwambia kwa Kidawida kwamba huyu ni binti yake na kwamba ametengeneza gari njiani. Kisha akamwambia na wa upande wa pili. Mwalimu alijifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

Ni wakati wa kurudi siku hiyo, walipofika palipo na mashamba ya mkonge ya Mwatate, mama alipoomba gari lisimame. Mistari ya mkonge ilinyooka hadi chini ya milima. "Hapa ndipo nilipokuwa nikifunga mkonge," alisema, "mimi na baba yenu, kabla hamjazaliwa." Mwalimu alikuwa amepita mahali pale mara zisizo na idadi. Alijua kwamba babake aliwahi kufanya kazi ya mkonge. Kwamba mamake pia aliifanya, hakujua. Mama alionyesha mbuyu uliosimama mbali, pembeni mwa shamba. Chini yake, alisema, palizikwa mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliyeishi miezi saba na kufa kwa homa katika kambi ya wafanyakazi. Waliporudi mlimani hawakumtaja. Mtoto wa kiume aliyemfuata walimpa jina lile lile.

Kwa maneno mengine, kaka aliyeandika ile barua ya kurasa mbili alikuwa na jina la ndugu aliyemtangulia, na hakujua.

"Usimwambie," mama alisema. "Nitamwambia mwenyewe." Mwalimu akatia gia.

Baada ya hapo kila Alhamisi ilikuwa na hadithi yake. Mama alisimulia njaa na ndoa, nyimbo walizoimba wakifunga mkonge, alivyomwogopa mama mkwe wake, alivyojifunza kusoma kwa kuiba dakika katika darasa la ngumbaru. Alisimulia kwa mafungu, akianza gari lilipoacha mlima na kunyamaza mara lilipoukaribia tena, kana kwamba Mwatate palikuwa na lango. Nyumbani aliendelea kuwa yule yule wa amri fupi. Mtu anayetaka kuandika riwaya angefanya vyema kukumbuka hilo: mhusika mmoja huweza kuwa na ndimi mbili bila ya unafiki, kutegemea tu mahali alipoketi.

Nyumba ya mawe ilikamilika 1991, karibu yote kwa fedha za kaka. Mama alilala humo mwaka mmoja na miezi michache. Alifariki Oktoba 1992. Jioni moja ya matanga kaka alisema mbele ya wazee, bila ya kupaza sauti, kwamba angelala humo miaka minne. Hakuna aliyejibu. Mwalimu naye hakujibu, na si kwa kukosa la kusema.

Kobe aliuzwa 1994 kwa kijana mmoja wa Voi aliyekuwa ameajiriwa karibuni. Gari la pili la Mwalimu lilikuwa Toyota, likafuatwa na Toyota nyingine, na juu ya magari hayo hana cha kusimulia ila kwamba yaliwaka kila asubuhi. Kiwanda cha mwisho kilichotengeneza ndugu zake Kobe, kule Puebla nchini Mexico, kilikoma Julai 2003 baada ya zaidi ya milioni 21 kuundwa duniani. Siku habari hiyo ilipotangazwa, aliwasomea wanafunzi wa kidato cha tatu gazeti zima badala ya ushairi.

Kabla ya kuuzwa kuna safari moja. Wiki mbili baada ya mazishi, kaka alimkuta dada yake akikagua mafuta ya injini, akasimama pembeni kwa muda.

"Dada," alisema, "Mama alikuwa akikwambia nini huko njiani?"

"Hakukwambia mwenyewe?"

"Kuhusu nini?"

Mwalimu alifuta mikono. Akamwambia apande. Kaka alikuwa mrefu, na magoti yake yaligusa mbele kwa sababu kiti kilikuwa kimeachwa pale pale mama alipopenda kiwe. Hakukisogeza. Hawakuzungumza hadi Mwatate. Walipoyafikia mashamba ya mkonge, dada alisimamisha gari, akaonyesha mbuyu, akaeleza, macho yakiwa mbele. Kaka aliuliza jina. Akaambiwa. Alifungua mlango akaenda kwa miguu kati ya mistari ya mkonge, viatu vyake vya ofisini vikitia vumbi, hadi akawa mdogo sana chini ya ule mti. Alikaa huko kitambo. Aliporudi aliomba waendelee hadi Voi, ingawa hakuna aliyekuwa na shughuli Voi, na njiani akauliza iwapo ni kweli kwamba gari hili halitiwi maji kabisa, na mkanda ule ulikatikia wapi, na mama alisimama upande gani.

Daftari la jalada gumu lingalipo. Safari hiyo imeandikwa humo kwa mstari mmoja, chini ya hesabu za Novemba 1992: petroli, lita kumi, Voi, amelipa kaka.